Herufi Q Isiyofuatwa na U: Maneno ya Kiingereza Ambayo Mji wa Kale Wayajua Tayari

Katika vikundi vingi vya kujiendeleza siku hizi, kazi ya mkutano ikiisha na michango ikishahesabiwa, watu hawatawanyiki papo hapo. Wengine hucheza bao, wengine dama, na vijana waliosoma huja na mchezo wa kupanga herufi za Kiingereza, ule uitwao Scrabble. Wazee hukaa kando wakitazama. Wakiitwa wacheze husema, "Ah, hicho ni Kizungu, sisi hatukisomi." Somo letu la leo ni la kuwaonyesha wazee hao, na hasa wale wa Kisiwani Mombasa na Mji wa Kale, kwamba kuna pembe moja ya mchezo huu ambayo wao wanaijua kuliko kijana aliyemaliza kidato cha nne. Pembe hiyo ni herufi Q.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Uliundwa na Mmarekani aliyeitwa Alfred Butts, fundi wa kuchora majengo aliyekosa kazi wakati wa ile dhiki kuu ya uchumi ya miaka ya 1930. Alichukua magazeti akahesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Zinazotokea sana akazitolea vipande vingi na alama chache. Zile adimu akazitolea kipande kimoja na alama nyingi. Vipande vyote ni 100: 98 vina herufi na 2 havina kitu, vinaweza kusimama badala ya herufi yoyote. E iko mara 12 na ina alama 1. Q iko mara moja tu na ina alama 10.

Sasa hapo ndipo penye shida. Mtoto wa shule amefundishwa kwamba katika Kiingereza Q haitembei peke yake, lazima ifuatwe na U: QUEEN, QUICK, QUESTION. Kwa maneno ya kawaida ni kweli. Desturi hiyo ilitoka kwa Kilatini, ikaingizwa Uingereza na waandishi waliosoma Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Kabla ya hapo Waingereza wenyewe waliandika malkia kwa herufi C na W: CWEN. Lakini katika mchezo U ziko nne tu, na mara nyingi zimekwisha kutumiwa na wengine. Basi mchezaji hubaki na Q mkononi kama mtu aliyebeba jiwe. Mchezo ukiisha bado ameishika, anakatwa alama 10, na yule aliyemaliza vipande vyake kwanza anaongezewa hizo 10. Tumeona watu wakishindwa hivyo na huku walikuwa mbele tangu mwanzo.

Dawa yake ni maneno yenye Q bila U. Yapo, na mengi kati yake yametoka katika Kiarabu. Na Kiarabu kilichoingia Kiingereza ndicho hicho hicho kilichoingia Kiswahili, ila sisi tuliyapokea mapema zaidi na tukayavalisha nguo zetu. Hebu tuyatazame.

QADI ni kadhi. Hakuna haja ya kueleza kadhi ni nani kwa mtu wa Mombasa. Neno hili lina alama 14. Na hapa pana jambo la kuchekesha: orodha ya maneno ya Collins, ambayo hutumika katika mashindano ya kimataifa, inakubali kadhi huyo huyo aandikwe kwa namna tatu. Ukimwandika CADI unapata alama 7, ukimwandika KADI unapata 9, na ukimwandika QADI unapata 14. Mtu ni yule yule na hukumu ni ile ile, bei ndiyo tofauti. Msiweke H katikati kama tunavyoandika sisi, mtapingwa mara moja.

TALAQ ni talaka, nalo lina alama 14. Q iko mwishoni, na faida yake ni kwamba unaweza kuliongeza S likawa TALAQS na kugusa neno jingine ubaoni. QIBLA ni kibla, alama 16. NIQAB ni nikabu, alama 16 pia, sawa na BURQA. FAQIR ni fakiri, na tunaweza kusema kwamba katika mchezo huu fakiri si maskini hata kidogo, maana ana alama 17, wakati FAKIR kwa K ana 12 tu. SUQ ni soko, alama 12. Likiandikwa SOUK, kama wanavyoandika watalii, linashuka hadi 8. Hapa Mombasa soko kubwa tuliliita Marikiti kwa kufuata Kiingereza, na Waingereza nao wakachukua SUQ kutoka kwa Waarabu, kwa hiyo kila mmoja amemwazima mwenzake.

QAT ndiyo miraa. Neno dogo la herufi tatu, alama 12, na ni rahisi kulichomeka mahali pembamba. Sisi hatupigi debe la kutafuna. Mnakumbuka mwaka 2024 kaunti ya Mombasa ilivyojaribu kupiga marufuku muguka na ugomvi uliofuata na wakulima wa Embu. Lakini ubaoni QAT haina madhara.

Halafu kuna WAQF, yaani wakfu. Alama 19 kwa herufi nne tu, maana W ina 4, Q ina 10 na F ina 4. Hili ndilo neno bora kuliko yote katika kundi hili, na tutalirudia hapo chini kwa sababu lina uzito hata nje ya mchezo.

Kwa wasomaji wetu wanaoijua Biblia, yapo mawili ya Kiebrania. SHEQEL ni shekeli, alama 18. Na QOPH, alama 18 vilevile, ni jina la herufi ya Kiebrania. Zaburi ya 119 imegawanywa kwa kufuata herufi za Kiebrania, aya nane kwa kila herufi, na fungu la QOPH ni aya ya 145 mpaka 152. Qoph ya Waebrania na qaf ya Waarabu ni ndugu wa tumbo moja.

Mwisho msisahau QI, neno la Kichina lenye maana ya nguvu ya uhai mwilini. Ni herufi mbili na alama 11. Anayelijua hili peke yake amekwisha kujiokoa mara nyingi.

Sasa swali litakuja, na linakuja kila tunapofundisha somo hili: "Mbona tusiweke IRAQ? Mbona tusiweke QATAR, na watoto wetu wako huko wanafanya kazi?" Hayakubaliki. Majina ya nchi, ya watu na ya vitabu hayaruhusiwi katika mchezo huu, yawe na alama nyingi namna gani.

Tukiishia hapo mtakuwa mmepata orodha ya kukariri, na orodha ya kukariri husahaulika. Afadhali mjue njia ya kutambua. Katika Kiarabu ziko herufi mbili ambazo sisi katika Kiswahili sanifu tunaziandika zote kwa K. Moja ni kaf, isiyo na nukta juu, sauti yake ni kama K yetu ya kawaida. Ya pili ni qaf, yenye nukta mbili juu, na sauti yake inatoka nyuma kabisa, karibu na koo. Mtoto aliyekaa chuoni Kibokoni au Kuze amechapwa kwa ajili ya herufi hizi. Mwalimu humwambia: ukisema qalb ni moyo, ukisema kalb ni mbwa, kwa hiyo angalia ulimi wako. Waingereza walipoyaandika maneno haya kwa kufuata Kiarabu, qaf waliiandika Q, na kaf wakaiandika K.

Basi mwenye kujua asili ya neno anajua pa kutafuta Q. Haki imetoka kwa qaf. Hakimu imetoka kwa kaf, ingawa kwetu yanaonekana kama baba na mwana. Kalamu ni qaf, kitabu ni kaf. Kaburi, kabila, kura, sanduku, dakika, rafiki na sadaka yote ni ya qaf. Baraka, malaika, shukrani na kanisa ni ya kaf. Wazee wa Mji wa Kale wanaweza kuwagawia maneno mia namna hii bila kufungua kamusi. Wako ambao hata leo wakisema "qadhi" au "waqfu" utaisikia qaf yenyewe, haikumezwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937, alipoanzisha gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, wasomaji wake walikuwa watu wa namna hiyo, waliozizoea herufi za Kiarabu tangu utotoni.

Lakini tahadhari: si kila qaf imeingia Kiingereza ikiwa Q. Kahawa ni qaf, na Waingereza wanaandika COFFEE, kwa sababu neno lilipita kwa Waturuki na Waholanzi likabadilishwa njiani. Haki, dakika na rafiki hayamo kabisa katika orodha ya mchezo. Kalamu imeingia kwa mlango wa nyuma: QALAMDAN ni kisanduku cha kuwekea kalamu, herufi nane, alama 20 kabla ya nyongeza. Ukiweza kulipanga kwa kutumia vipande vyako vyote saba na herufi moja iliyoko ubaoni, unaongezewa alama 50. Hatujamwona mtu akilipata bado. Na QANAT ni mfereji wa maji unaochimbwa chini ya ardhi kutoka mlimani hadi mashambani, kama ule wa Iran. Huko Oman mifereji ya kazi hiyo huitwa aflaj, na mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Vikundi vyenye miradi ya maji vingefaidika kulijua jambo hili hata bila mchezo, lakini hilo tuliache, lina somo lake.

Wengine watauliza kwa nini Kiswahili chenyewe hakina Q. Daktari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza kuandika Kimvita kwa herufi za Kirumi, na kamusi yake kubwa ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Baadaye, mwaka 1928, mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa uliamua kwamba Kiswahili cha vitabu vya shule kifuate Kiunguja, wala si Kimvita. Watu wa Mombasa wamelalamikia uamuzi huo mpaka leo, na sisi hatutaingia katika ugomvi huo leo. Ila katika tahajia iliyokuja kutumika, Q na X hazikupewa nafasi, na C haisimami bila H. Kwa hiyo yule anayetaka kucheza kwa Kiswahili akitumia vipande vya Kiingereza atahangaika sana. K iko moja tu, na sisi K tunaitaka kila neno la pili!

Turudi sasa kwa wakfu, kama tulivyoahidi.

Tuchukue mfano wa kikundi chochote cha akina mama au vijana chenye fedha kidogo benki, kinachotafuta chumba au kiwanja Kisiwani cha kuwekea mali yao ya biashara. Anatokea mtu mwenye suti na bahasha. Karatasi zote ni za Kiingereza. Katibu anasoma anavyoweza, wengine wanatikisa vichwa. Katikati ya karatasi limo neno moja fupi ambalo halionekani kuwa la Kiingereza, na kwa sababu hawalijui wanaliruka, wakidhani ni jina la mtu au la kampuni. Neno lenyewe ni WAKF.

Kila mtu katika chumba kile anaijua wakfu. Anajua kwamba mali ya wakfu ni ile ambayo mwenyewe aliitoa kwa ajili ya msikiti, au maskini, au kizazi chake, ikafungwa. Kwa asili haiuzwi, hairithiwi wala haipewi mtu zawadi. Lazima mjue ni nani anaisimamia na kama yeye ndiye anayewapangisha. Mombasa ina nyumba na viwanja vingi vya namna hiyo. Elimu ilikuwa chumbani, ila macho hayakuitambua kwa sababu ilivaa herufi za kigeni. Na fedha ikishatoka mkononi, kuirudisha ni safari ya miaka.

Kwa hiyo jueni hivi. Vitabu na kamusi nyingi za Kiingereza huandika WAQF kwa Q. Sheria za Kenya zimezoea K. Ile sheria ya mwaka 1951 iliyohusu makamishna wa kusimamia mali hizi imeandika WAKF. Vilevile Katiba ya mwaka 2010 haiandiki QADI, inaandika KADHI, kama tunavyotamka sisi. Kifungu cha 170 ndicho kinachozieleza mahakama za Kadhi: kazi yao ni mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa sheria ya Kiislamu, na pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Deni la kikundi au mzozo wa kodi ya duka haupelekwi huko. Tumesikia watu wakizungushwa kwa kutolijua hilo.

Mnapopewa karatasi yoyote ya Kiingereza, basi, msomeni kila neno kwa sauti, hata lile linaloonekana geni. Badilisheni Q iwe K, ongezeni irabu mwishoni, kisha sikilizeni: waqf, wakf, wakfu. Talaq, talaka. Mara nyingi mzee asiyejua hata neno moja la Kiingereza ndiye atakayeshtuka na kusema, "Subiri, soma tena hapo." Kwa hiyo mwiteni mzee huyo akae karibu na katibu, asikae mlangoni.

Kwa upande wa mchezo, hamhitaji kununua ubao wa dukani. Kusanyeni vifuniko vya soda 100, vipigeni nyundo viwe bapa ili visikate watoto, kisha andikeni herufi kwa rangi. Mkicheza Kiingereza, hesabu ni hii: A 9, B 2, C 2, D 4, E 12, F 2, G 3, H 2, I 9, J 1, K 1, L 4, M 2, N 6, O 8, P 2, Q 1, R 6, S 4, T 6, U 4, V 2, W 2, X 1, Y 2, Z 1, na vitupu 2. Mkicheza Kiswahili, ondoeni Q na X, ongezeni A na K kwa wingi, na mpatane wenyewe juu ya alama. Ubao mwaweza kuuchora kwenye katoni, mistari 15 kwenda chini na 15 kwenda kando. Vijana wakisema huu ni mchezo wa Wazungu waambieni kwamba bingwa wa dunia wa mwaka 2015 alikuwa Mnigeria, Wellington Jighere, na kwamba mashindano ya dunia ya mwaka 2017 yalichezwa Nairobi. Tena waambieni wakatafute DUKA, PANGA, SHAMBA, MATATU, UGALI na ASKARI katika orodha ile ya Collins. Yote yamo, na mengi kati yake unaweza kuyapachika S ya Kiingereza, PANGAS na SHAMBAS, masikio yakiuma yaume.

Maswali ya kujadili kikundini. Mwenye kikundi ameshika Q, A, T, L, A, R, S, na U zote zimekwisha kutumika: aweke neno gani, na litampa alama ngapi? Kati ya sadaka, baraka, wakati na kitabu, ni yapi ya qaf na ni yapi ya kaf? Mwulizeni aliyesoma chuoni, asijibu kwa kukisia. Na la tatu: katika karatasi za kikundi chenu zilizoko sandukuni sasa hivi, za benki, za kiwanja au za usajili, ni neno gani ambalo mlitia sahihi bila mtu yeyote kuwaeleza maana yake? Lileteni neno hilo kwenye mkutano ujao likiwa limeandikwa herufi kwa herufi.